Jinsi Askari Walivyofundishwa Kulenga Shabaha

Watu wengi hudhani ya kuwa tangu bunduki ilipoanza kutumika vitani, askari walifundishwa kulenga shabaha. Sivyo. Kwa muda wa miaka mia na zaidi askari wa Kiingereza alifundishwa kutembea kwa hatua sawa na wenzake, kushindilia bunduki upesi, kuiinua pamoja nao, na kuipiga kwa amri moja. Kulenga hakukufundishwa ila kidogo sana. Ofisa aliamuru askari waelekeze bunduki mbele, kisha akaamuru wapige, basi. Wala tusiseme kwamba maofisa wale walikuwa wajinga. Sababu ilikuwa ndani ya bunduki yenyewe.

Bunduki hiyo askari waliipa jina la utani, Brown Bess. Ilianza kutumika mapema katika karne ya 18, ikadumu, pamoja na mageuzi madogo madogo, hata karibu na mwaka 1840. Kasiba yake, yaani ule mwanzi wa chuma ambao risasi hupita, ilikuwa laini ndani, na upana wake ulikuwa robo tatu za inchi. Risasi ilikuwa duara kama gololi, nayo ilifanywa iwe ndogo kuliko tundu la kasiba. Ilikuwa lazima iwe ndogo, kwa maana baruti ya siku zile iliacha masizi mengi, na risasi ya kukaza isingaliweza kuingia baada ya kupiga mara chache. Lakini risasi isiyokaza haitoki kwa njia iliyonyoka. Tia kokoto katika mwanzi mpana, upulize kwa nguvu: kokoto itagongagonga huku na huku, na upande ule itakaogonga mwisho ndio utakaoamua iende wapi. Ndivyo ilivyokuwa risasi ya Brown Bess.

Tena, bunduki ile iliwashwa kwa gumegume. Jiwe lilipiga chuma, cheche zikaangukia baruti kidogo iliyowekwa pembeni, moto ukapita katika kitundu hata kuifikia baruti iliyomo kasibani. Moshi na mwako ule ulitokea karibu kabisa na jicho la mpigaji, na wengi walifumba macho au waligeuza uso kabla risasi haijatoka. Mvua ikinyesha, mara nyingi haikulia kabisa. Mwaka 1814 ofisa mmoja, George Hanger, aliandika kwamba askari mwenye bunduki ya namna hiyo aweza kumpata mtu kwa yadi 80, labda na kwa yadi 100. Lakini akimlenga mtu mmoja kwa yadi 200, heri aulenge mwezi. Yadi moja ni futi tatu, kama hatua moja ndefu ya mtu mzima, na uwanja wa mpira una urefu wa yadi 100 na kidogo zaidi. Basi, mtu aliyesimama goli moja alikuwa karibu salama mbele ya askari aliyesimama goli la pili.

Kwa hiyo majemadari waliona ya kuwa hakuna faida kumfundisha mtu mmoja mmoja kulenga. Waliwapanga askari mistari miwili au mitatu, bega kwa bega kama ukuta, wakawasogeza karibu na adui, wakawaamuru wapige wote kwa mshindo mmoja. Risasi moja yaweza kupotea. Risasi mia tano zikienda pamoja, baadhi yake hupata. Baada ya mishindo michache moshi ulifunika uwanja, hata askari hawakuona kitu cha kulenga. Kwa hiyo aliyesifiwa ni yule aliyeweza kushindilia na kupiga mara tatu kwa dakika moja bila kutetemeka, wala si yule mwenye jicho zuri. Bunduki hizo zilipoachwa na majeshi ya Ulaya, nyingi ziliuzwa Afrika. Zilipita Unguja, zikaingia bara pamoja na misafara, nazo ndizo magobori ambayo wazee wetu waliyajua.

Palikuwa na watu waliojua njia nyingine. Mafundi wa Ujerumani na Uswisi walikuwa wamekwisha kutengeneza bunduki za wawindaji ambazo kasiba zake zilichorwa mifuo ndani, nayo mifuo ilizunguka kama ya parafujo. Risasi ikishikwa na mifuo hiyo hutoka ikizunguka, na kitu kinachozunguka hushika njia yake, kama pia ya mtoto inavyosimama wima maadamu inazunguka. Mwaka 1800 Waingereza waliunda kikosi cha kujaribu bunduki ya namna hiyo, iliyotengenezwa na fundi wa London aliyeitwa Ezekiel Baker. Askari wake walivaa nguo za kijani badala ya nyekundu, wakafundishwa kujificha nyuma ya miti na mawe, na kufikiri wenyewe. Hao walifundishwa kulenga kweli. Waliwekewa shabaha kwa umbali wa namna mbalimbali, wakapangwa kwa madaraja, na hodari wakapewa alama ya kuvaa kofiani. Mmoja wao, Thomas Plunket, alimwua jemadari wa Kifaransa, Colbert, huko Cacabelos katika Hispania mwezi wa Januari 1809, naye alikuwa mbali kuliko vile bunduki ya kawaida ingaliweza kufika. (Wasimuliaji wameurefusha umbali ule kila walipoisimulia habari hiyo.)

Lakini kikosi hicho kilibaki kuwa kidogo, kwa sababu bunduki yenye mifuo ilikawia sana kushindiliwa. Risasi ilipaswa kukazwa ili ishikwe na mifuo, kwa hiyo ilifungwa katika kitambaa chenye mafuta, ikasukumwa kwa nguvu kwa mdeki, na hapo kwanza hata kwa nyundo ndogo ya mti. Wakati askari mwenye bunduki ya mifuo alipopiga mara moja, mwenzake mwenye bunduki laini alipiga mara mbili au tatu. Hiyo ndiyo fumbo iliyowasumbua mafundi kwa miaka hamsini: jinsi ya kupata risasi iliyo ndogo wakati wa kuingia, na kubwa wakati wa kutoka.

Kabla ya fumbo hilo kufumbuliwa, ilipatikana dawa ya gumegume, nayo ilipatikana kwa mchungaji wa kanisa. Alexander Forsyth alikuwa mchungaji katika kijiji cha Belhelvie, Uskoti, na alipenda kuwinda ndege wa majini. Aliona kwamba ndege walipoona mwako wa gumegume waliruka kabla risasi haijafika. Akatafuta dawa inayowaka kwa kugongwa, bila cheche, na mwaka 1807 akapewa hati ya kuilinda kazi yake. Wengine wakaiendeleza hata ikawa fataki, yaani kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ndani. Mwaka 1834 jeshi la Uingereza lilifanya majaribio huko Woolwich, likapiga mara 6,000 kwa bunduki za gumegume, na mara 6,000 kwa bunduki za fataki. Za gumegume zilikataa kulia mara 922. Za fataki mara 36 tu. Tangu hapo mpigaji aliweza kuliacha jicho lake wazi.

Fumbo la risasi lilifumbuliwa Ufaransa. Wafaransa walikuwa na chuo cha shabaha huko Vincennes, karibu na Paris, na mmoja wa walimu wake alikuwa ofisa jina lake Claude-Étienne Minié. Mwaka 1849 alitoa risasi yenye ncha mbele kama yai lililochongwa, na nyuma ina shimo. Risasi hiyo ilikuwa nyembamba kidogo kuliko kasiba, hata ikateremka kwa urahisi. Baruti ilipowaka, nguvu ya moto iliingia katika lile shimo, ikaipanua sehemu ya nyuma ikashikwa na mifuo. Basi, ikaingia ndogo, ikatoka kubwa! Waingereza waliichukua mwaka 1851, na mwaka 1853 wakatengeneza bunduki yao wenyewe, iliyojulikana kwa jina la Enfield, mji ilikotengenezwa. Ilikuwa na vipimo vya kulengea hata yadi 900. Katika muda mfupi askari wa kawaida alikabidhiwa chombo kilichofika mbali mara nyingi kuliko kile cha baba yake.

Hapo ndipo ilipoonekana taabu mpya. Chombo kilikuwa tayari, lakini mtu hakuwa tayari.

Lazima tueleze kwa nini. Risasi haiendi katika njia iliyonyoka kama uzi uliovutwa. Mara itokapo kasibani huanza kuanguka, kama jiwe linavyoanguka, kwa hiyo mpigaji hana budi kuinua kasiba kidogo ili risasi ipande kwanza, kisha ishuke juu ya shabaha. Njia yake ni ya upinde. Risasi ya Enfield ilikuwa nzito wala haikwenda kasi kama za leo, kwa hiyo upinde wake ulikuwa mkubwa. Askari aliyemlenga kiunoni mtu aliye yadi 300, risasi yake ilipofika nusu ya njia ilikuwa juu kuliko kichwa cha mtu aliyesimama. Maana yake, kama adui alikuwa yadi 150 naye askari akadhani ni 300, risasi ilipita juu bila kumdhuru. Na kama adui alikuwa yadi 600 naye akadhani ni 500, risasi ilianguka mavumbini mbele yake. Nyuma ya bunduki palikuwa na kipimo cha kuinua na kushusha, kilichoandikwa yadi; lakini kipimo hakimwambii mtu adui yuko umbali gani. Hilo askari alipaswa kulijua kwa macho yake mwenyewe. Kwa bunduki ya zamani kosa la yadi 50 halikuwa kitu, maana haikufika mbali. Kwa bunduki mpya kosa hilo lilikuwa tofauti ya kupata na kukosa.

Kwa ajili hiyo, mwaka 1853, Lord Hardinge, mkuu wa majeshi ya Uingereza, alianzisha Chuo cha Shabaha katika mji mdogo wa Hythe, pwani ya kusini-mashariki ya Uingereza. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Kanali Charles Crawford Hay. Ufuko wa Hythe ni wa kokoto tupu, nyuma yake kuna minara ya matofali iliyojengwa zamani za vita vya Napoleon, na mbele kuna bahari. Mahali pazuri pa kupiga bunduki, kwa kuwa risasi iliyokosa haikuwa na mtu wa kumpata. Kila kikosi kilipeleka maofisa na masajini wake wachache, wakajifunza, wakarudi kuwafundisha wenzao. Hivyo chuo kimoja kiliweza kulifundisha jeshi zima.

Mafundisho yake yalikuwa ya taratibu, nayo yalistaajabisha wengi kwa kuwa kuruta alikaa siku nyingi bila kupiga risasi hata moja. Kwanza alijifunza majina ya sehemu zote za bunduki, na jinsi ya kuisafisha. Kisha alisikiliza darasani habari ya upinde wa risasi, kama tulivyoieleza hapa. Na maofisa wengi wazee walicheka waliposikia ya kuwa askari wa kawaida, ambaye pengine hakujua kusoma, anafundishwa mambo ya elimu. Baada ya hapo bunduki iliwekwa juu ya mfuko wa mchanga kwenye kigoda cha miguu mitatu. Kuruta akailenga shabaha, akaondoka bila kuigusa, na mwalimu akaja akatazama kwa jicho lake. Kosa lilionekana wazi. Hapakuwa na kelele, wala moshi, wala kusingizia upepo.

Ndipo likaja zoezi la mshumaa. Kuruta aliweka fataki juu ya bunduki isiyo na baruti wala risasi, akalenga mwako wa mshumaa uliowekwa karibu yadi moja mbele ya mdomo wa kasiba, akafyatua. Upepo wa fataki ulipita katika kasiba ukatoka mbele. Kama alilenga sawasawa, wala hakutikisa mkono alipovuta, mshumaa ulizimika. Kama alishtuka au alifumba jicho, mshumaa uliendelea kuwaka mbele yake. Fataki ilikuwa bei rahisi kuliko risasi, na mshumaa hauna upendeleo.

Zoezi lililochukua siku nyingi lilikuwa la kukadiria umbali. Askari kadhaa walisimamishwa mbele, kila mmoja kwa umbali uliokwisha kupimwa, na makuruta wakaambiwa wawatazame na kuweka moyoni waonayo: huyu vifungo vyake vyaonekana, yule uso wake waonekana lakini vifungo havionekani, na yule wa mbali ni umbo tu lenye mikono na miguu. Kila mtu alitengeneza alama zake mwenyewe, kwa maana macho ya watu hayalingani. Halafu walipelekwa mahali pengine ambako umbali haukujulikana. Kila mmoja alimwendea mwalimu peke yake, akamnong'oneza kadirio lake, likaandikwa. Ilikuwa ni kunong'ona ili mwenzake asisikie akalifuata. Kisha umbali ulipimwa, na kila mtu akapewa alama zake. Walijifunza pia kwamba macho hudanganya. Kitu kilicho ng'ambo ya maji, au kilichoangazwa na jua lililo mgongoni mwa mtazamaji, huonekana karibu kuliko kilivyo. Kilicho katika ukungu au kivulini huonekana mbali.

Baada ya hayo yote ndipo risasi zilipotolewa, 90 kwa mtu kwa mwaka. Wote walianza daraja la tatu, kuanzia yadi 150 hata 300. Waliofaulu walipanda daraja la pili, hata yadi 600, na waliofaulu tena walifika la kwanza, hata yadi 900. Hodari kabisa walipewa nishani ya bunduki mbili zilizopitana, ya kushona kwenye mkono wa koti, na peni moja zaidi katika mshahara wa kila siku. Peni moja kwa siku haikuwa jambo dogo kwa askari ambaye mshahara wake, baada ya kukatwa hiki na hiki, haukumbakizia kitu kikubwa. Lakini jambo lenye maana zaidi lilikuwa kitabu. Kila risasi na kila kadirio liliandikwa mbele ya jina la mtu. Askari aliyekuwa tofali katika ukuta sasa alikuwa na jina lake na alama zake.

Vyuo vya namna hiyo vilianzishwa Bara Hindi pia, ili askari wa Kihindi wa Kampuni ya Mashariki ya India wafundishwe Enfield. Hapo mafundisho ya shabaha yaliangukia mambo ambayo hakuna mwalimu wa Hythe aliyeyafikiri. Kiasi cha Enfield, yaani karatasi iliyofungwa baruti na risasi pamoja, kilipakwa mafuta, na askari alipaswa kukipasua kwa meno. Mwezi wa Januari 1857, katika chuo cha Dum Dum karibu na Calcutta, zilienea habari kwamba mafuta yale ni ya ng'ombe na nguruwe. Ng'ombe ni mtakatifu kwa Mhindu, na nguruwe ni haramu kwa Mwislamu, hata neno hilo moja likawagusa wote wawili. Serikali iliruhusu askari watumie mafuta yao wenyewe, wasipasue kwa meno. Lakini ilikuwa imechelewa, na askari walikuwa na manung'uniko mengine mengi ya siku nyingi, juu ya nchi zao, mishahara yao na dini zao. Mwezi wa Aprili askari 85 wa farasi huko Meerut walikataa kupokea viasi, ingawa viasi vya siku ile vilikuwa vya namna ya zamani. Mnamo tarehe 9 Mei walifungwa minyororo mbele ya wenzao. Kesho yake wenzao waliinuka, na vita vile vikaenea kaskazini mwa Bara Hindi kwa zaidi ya mwaka, na maelfu wakafa, wenye silaha na wasio na silaha. Ingekuwa kosa kusema kwamba vita vilitokana na mafuta tu. Lakini waliompa askari bunduki mpya walifikiri jicho lake na mkono wake, wasiufikiri moyo wake.

Miaka miwili baadaye Ulaya ilionyeshwa thamani ya kukadiria umbali. Tarehe 24 Juni 1859, huko Solferino, kaskazini mwa Italia, jeshi la Austria lilipigana na Wafaransa pamoja na wenzao wa Sardinia. Waaustria walikuwa na bunduki nzuri zenye mifuo, lakini wengi wao hawakuwa wamezoezwa vya kutosha. Wafaransa walilijua hilo, wakakimbia upesi kuingia chini ya ule upinde wa risasi. Waaustria waliokuwa wameweka vipimo vyao kwa umbali mkubwa hawakuvishusha kwa wakati, na risasi zao nyingi zilipita juu ya vichwa vya Wafaransa, ambao waliwafikia kwa singe. Wafu na majeruhi wa siku hiyo walikuwa wengi mno, na msafiri wa Uswisi, Henri Dunant, aliyewaona wakilala bila maji wala mganga, ndiye aliyeanzisha shauri lililozaa Msalaba Mwekundu.

Katika miaka ile ile Waingereza walianza kupenda kulenga shabaha kama mchezo. Raia wengi walijiandikisha kuwa askari wa kujitolea wakiogopa Wafaransa, kikaundwa chama cha shabaha cha taifa, na tarehe 2 Julai 1860 Malkia Victoria mwenyewe alipiga risasi ya kwanza ya mashindano huko Wimbledon. Bunduki ilikuwa imefungwa imara juu ya chuma na kulengwa na mafundi. Malkia alivuta uzi wa hariri tu. Risasi ilipata shabaha iliyokuwa yadi 400, inchi moja na robo tu kutoka katikati. Watu walishangilia sana, ingawa sifa zilikuwa za mafundi.

Mageuzi ya bunduki hayakungoja. Mwaka 1866 Waprusia walipiga Waaustria huko Königgrätz kwa bunduki iliyotiwa risasi kwa nyuma. Haikufika mbali kama ile ya Austria, lakini Mprusia aliweza kuitia risasi hali amelala chini, naye Mwaustria alipaswa kusimama wima ili ashindilie kwa mdeki. Mwaka huo huo Waingereza walianza kuzigeuza Enfield zao zitiwe kwa nyuma, na mwaka 1871 wakapata Martini-Henry. Sasa mtu mmoja aliweza kupiga mara kumi na zaidi kwa dakika. Maofisa waliingiwa na hofu kwamba askari watamaliza risasi zote kwa muda mchache, wakazidi kukaza desturi ya zamani ya kupiga kwa amri na kwa mshindo mmoja. Mtu aliyefundishwa Hythe kulenga peke yake, katika uwanja wa vita alirudishwa ukutani.

Wenye kuwafunulia kosa hilo walikuwa wakulima. Usiku wa tarehe 26 Februari 1881 jemadari Sir George Colley alipanda mlima Majuba, kusini mwa Afrika, akiwa na askari mia kadhaa, akaushika usiku kucha. Asubuhi Makaburu walianza kupanda. Hawakuwa na sare, wala kwata, lakini walikuwa wamezoea tangu utoto kuwinda wanyama kwa risasi chache, na kukadiria umbali wa swala uwandani. Baadhi yao walilenga ukingo wa mlima, na kila kichwa kilichotokeza juu ya upeo wa anga kilipigwa. Wakati huo wengine walipanda kutoka jiwe hata jiwe. Waingereza waliotazama chini walipiga juu mno, kama ilivyo kawaida ya mtu anayelenga mteremko bila mazoezi. Kabla jioni haijafika mlima ulikuwa umetekwa, Colley amekufa, na Waingereza zaidi ya 90 wameuawa. Makaburu waliokufa hawakuzidi vidole vya mkono mmoja.

Baada ya Majuba mafundisho yalibadilika, lakini polepole. Katika Bara Hindi jemadari Roberts alihimiza sana shabaha, na vikosi vingine vilianza kupiga shabaha zinazoanguka zikipatwa, zilizofichwa vichakani kwa umbali usiojulikana. Hata hivyo mahali pengi askari aliendelea kusimama katika uwanja uliosawazishwa, mbele ya shabaha nyeupe, umbali ameandikiwa kwenye kibao. Wakati huo Mfaransa Paul Vieille alikuwa amekwisha kuvumbua baruti isiyo na moshi, mwaka 1884. Risasi zikawa ndogo na za kasi, upinde wake ukapungua, na wingu lililomfunua mpigaji likatoweka.

Vita vya Makaburu vya mwaka 1899 viliyakuta mambo katika hali hiyo. Huko Colenso, tarehe 15 Desemba, Waingereza walisogea katika uwanda ulio wazi kuuelekea mto Tugela. Makaburu walikuwa katika mahandaki ng'ambo, wana bunduki za Mauser, na hapana moshi wa kuonyesha walipo. Askari waliamriwa kupiga pamoja, lakini wapige nini? Waingereza waliouawa, waliojeruhiwa na waliotekwa walipita 1,100. Makaburu waliouawa na kujeruhiwa hawakufika 50. Mwezi huo huo iligunduliwa pia kwamba bunduki nyingi mpya za Lee-Enfield zilikuwa na kosa la kulengea, hata katika yadi 500 risasi ilikwenda inchi 18 upande wa kulia.

Vita vilipokwisha mwaka 1902, walimu wa Hythe walianza upya. Kupiga kwa mshindo mmoja kuliachwa kidogo kidogo, na askari akafundishwa kutafuta mwenyewe adui aliyejificha, kukadiria umbali wake, kujificha, na kulenga upesi. Mkuu wa walimu tangu mwaka 1905, Meja Norman McMahon, alikazania zoezi la kupiga risasi 15 zilizolengwa kwa dakika moja, kwa shabaha ya yadi 300. Wengi walizidi 15. Tarehe 23 Agosti 1914, huko Mons katika Ubelgiji, vikosi vya Wajerumani vilivyosogea vimesongamana vilikutana na askari hao. McMahon mwenyewe aliuawa karibu na Ypres mwezi wa Novemba mwaka huo.

Chuo cha Hythe kilihamishiwa Warminster mwaka 1969. Lakini uwanja wa shabaha ungali pale ufukoni, minara ya matofali ingali nyuma yake, na siku za kupiga bunduki bendera nyekundu hupandishwa ili watu wasipite.